Masika Betri Ilipohamia Nyuma

Mwezi wa tatu, tarehe 4

Mvua imeanza leo, na paa la jikoni halikuchelewa kuikaribisha. Nimetega sufuria chini ya tone kubwa na bakuli chini ya tone dogo, sasa jiko zima linapiga ngoma.

Naandika kwenye daftari la shule ambalo mjukuu wangu aliliacha nusu. Mimi shule sikuiona hata kwa dirisha. Herufi nilizijua kwa sindano. Watu waliniletea foronya na karatasi yenye jina, nami nikalishona jina kama nilivyoliona, mwaka baada ya mwaka, hadi siku moja nikajikuta nasoma kibao cha duka la dawa bila kuambiwa na mtu. Kwa hiyo atakayeona kosa humu alinyamazie.

Kinachonikalisha na kalamu ni huyo mjukuu. Tunamwita Nyuki, maana alipokuwa mdogo hakutulia, na ukimgusa anakuuma. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi mbali, nami ndiye niliyemlea tangu hajaota meno. Amekua, amekuwa fundi umeme wa magari, mikono myeusi, meno nje muda wote. Sasa hata kuvuma havumi. Tangu gari la mteja liungue amekaa chumbani kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Tarehe 5

Mvua. Nyuki kala kidogo. Babu yake, mume wangu, kasema chumvi imezidi. Nimemwambia kesho apike yeye.

Tarehe 8

Leo nimemfungia Nyuki jikoni, nikautia ufunguo kifuani.

"Sema," nikamwambia. "Usiposema tutazeekea humu, na mimi nimeshaanza."

Kasema. Mteja alitaka betri itolewe mbele ihamie nyuma, kwenye buti. Waya mnene ukatoka kwenye buti, ukapita kwenye tundu la bati nyuma ya kiti, ukaenda hadi mbele kwenye injini. Lile tundu lina makali kama kifuniko cha kopo. Lilitaka kuvishwa pete ya mpira ili waya usikwaruzwe. Pete haikuwapo. Mwenye gereji akasema, "Zungushia tepu, mteja anasubiri." Akazungushia tepu. Fyuzi nayo ikaambiwa ingoje siku nyingine. Gari likaenda likitikisika, bati likala tepu, likala ngozi ya waya, likafika kwenye shaba. Moto. Dereva alitoka mzima ila mkono uliungua. Mwenye gereji akawaambia watu wote: ni yule msichana.

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilisema ni mimi, Bibi. Mikono ilikuwa yangu."

Nimemkumbatia kwanza, nikamgombeza baadaye. Mikono ilikuwa yake, sawa. Lakini ile haraka ilikuwa ya nani? Yule mwenye gereji nikikutana naye nitamtukana mpaka asahau jina lake.

Tarehe 12

Tunalo gari la Babu, lile alilofanyia teksi mpaka macho yakafunga pazia. Injini yake ilikufa mwaka jana. Binamu yangu anabomoa magari mabovu, katugawia nyingine, na leo fundi wa injini kamaliza kuifunga. Inanguruma vizuri, lakini ni nene. Bega lake limekaa pale pale ilipokuwa inakaa betri. Fundi kaiacha betri juu juu, imefungwa kwa kamba kama kuku wa kuuzwa, akanawa mikono.

"Hii itafutieni mahali kwenye buti," akasema, akaenda zake.

Nyuki aliposikia neno buti alisimama akaacha chakula. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Na gari tunalihitaji. Mwisho wa mwezi wa tano Babu atasafishwa jicho, atolewe mtoto wa jicho, na hospitali ya macho iko mbali. Masika yaliyopita alikosea ngazi ya basi akaanguka kwenye tope mbele za watu. Hakuumia mfupa, aliumia heshima, na hiyo haifungwi bandeji.

Tarehe 13

Nimelisema mezani bila kuzunguka. "Nyuki ndiye atakayehamisha betri."

Nyuki kaangalia sahani. Babu katikisa kichwa. "Betri ni moyo wa gari," kasema. "Moyo haukai matakoni."

"Akili zako zimekaa huko miaka yote hii na nyumba bado inakwenda."

Nyuki kaficha mdomo kwa mkono. Nimeuona. Ulikuwa unacheka.

Lakini Babu hakucheka. Kasema gari likifungwa betri nyuma, yeye hapandi. Atapanda basi. Nimemuuliza ngazi ataionaje. Kasema ataipapasa. Mzee mwoga! Nimelala nimempa mgongo.

Tarehe 19

Mvua, mvua, mvua. Nimeshona vitambaa vya kufunikia redio ya jirani. Mimi kitu kisichofunikwa naona kama mtu amesimama bila nguo. Friji langu lina kitambaa, birika lina kitambaa, hata mtungi wa gesi una sketi.

Tarehe 23

Leo mvua ilipungua kidogo nikachukua spana ya Babu, nikafungua boneti, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi ndani, "Asipotaka fundi, nitaihamisha mwenyewe." Nikaanza na waya mwekundu.

Dirisha likafunguka kwa kishindo. "Bibi! Acha! Mweusi kwanza!"

Akaja mbio miguu mitupu kwenye matope, akaninyang'anya spana.

"Ukianza na mwekundu, spana ikigusa bodi, cheche! Mweusi ndio unaokwenda kwenye bodi. Unautoa kwanza na kuurudisha mwisho. Kwanza kutoka, mwisho kurudi. Umenielewa?"

"Sijaelewa," nikasema. "Nionyeshe."

Akanionyesha. Kautoa mweusi, kausukuma mbali, kautoa mwekundu, kaikata kamba, kaibeba betri yenyewe kama mtoto mchanga hadi barazani. Kisha akasimama akiitazama mikono yake, ina grisi. Nami nikaingia ndani kukoroga chai, maana machozi ya mtu mzima si ya kutazamwa.

Kama nilijua kuhusu waya mweusi au sikujua, sitaandika hapa.

Mwezi wa nne, tarehe 2

Kazi imeanza, nami ndiye msaidizi wake, kibarua mzee asiyefukuzika.

Kwanza alilala chini ya gari kwenye gunia aone tanki la mafuta limekaa wapi, asije akatoboa buti akalikuta tanki upande wa pili. Akapiga alama za chaki. Waya tuliupima kwa futi yangu ya kushonea. Aliotaka ni mnene kama kidole gumba. Nimemuuliza kwa nini anaringa, ule mwembamba si upo? Kasema umeme umeongezewa safari, ukiupitisha njia nyembamba njia inapata moto.

Njia yenyewe ni ndani, chini ya zulia la gari, mbali na bomba la mafuta na mbali na ekzosi, lile bomba la moshi. Babu kakaa barazani anasikiliza. Nilimpelekea chai nikaiweka mbali kidogo na mkono wake, aitafute.

Tarehe 9

Tumezunguka madukani kwenye mvua kutafuta pete ya mpira ya lile tundu. Moja ilikuwa kubwa, nyingine ndogo, ya tatu imekauka inapasuka. Viatu vyangu vimejaa maji. Nikasema, "Si ukate kipande cha ndala ukishindilie? Nani atakiona?"

Nyuki kasimama katikati ya barabara, mwavuli umepinda.

"Ndivyo moto unavyoanza, Bibi."

Mimi, niliyemtukana mwenye gereji kila siku kichwani mwangu, miguu kulowa tu nikasema maneno yake. Tumeingia duka la mwisho, ikapatikana pete inayokaa. Njia nzima ya kurudi nimenyamaza, jambo ambalo Nyuki anasema halijatokea tangu azaliwe.

Tarehe 10

Paa. Sufuria tatu sasa.

Tarehe 16

Betri ina nyumba yake. Ni boksi gumu lenye kifuniko, limekazwa kwa mikanda ya chuma na bolti zilizopita sakafu ya buti hadi chini. Kamba hakuitaka. Nimemwambia mbona ni kama anamfunga mwizi. Kasema gari likigongwa, betri isiyofungwa inaruka kama jiwe, na aliyekaa kiti cha nyuma ndiye ukuta. Kisha kaushika ukingo wa boksi akalitikisa kwa nguvu zake zote, gari zima likayumba, boksi halikusogea.

Pale waya mweusi unapokaa kakwangua rangi hadi chuma kikang'aa. "Rangi ni kama blanketi, umeme haupiti," kasema. Na karibu kabisa na betri, kabla waya mwekundu haujaanza safari, kaweka fyuzi kubwa. Waya ukigusa bati popote njiani, fyuzi inakufa kwanza.

"Kwa hiyo inajitoa mhanga," nikasema.

"Ndiyo kazi yake."

Nimeipenda fyuzi hiyo. Nawajua wanawake kama hiyo.

Tarehe 21

Leo kamaliza. Kimebaki kibomba chembamba, kinatoka kwenye kifuniko cha boksi na kupita sakafuni kwenda nje. Kasema betri ikiwa inachajiwa inapumua, na pumzi yake ikijaa mahali kisha cheche ikatokea, inalipuka. Lazima ipumulie nje. Nilikuwa nahesabu mishono ya foronya, nikasema haya, haya.

Mweusi akaurudisha mwisho. Kawasha. Gari likanguruma mara moja. Nyuki katoka, kapiga magoti kwenye tope, anacheka, analia, sijui. Babu kasimama barazani kainua kidevu.

"Injini inakwenda sawa," kasema.

"Utapanda?" nikamuuliza.

"Nimesema inakwenda sawa."

Tarehe 24

Nimemshonea zawadi. Kifuniko cha betri, mahameli nyekundu, kimetiwa pamba ndani, kina ukingo wa maua. Nimekivisha mwenyewe Nyuki alipokuwa anaoga. Kile kibomba kilikuwa kinaharibu umbo, nikakichomoa kidogo nikakikunja kwa ndani vizuri. Sasa buti limependeza kama kitanda cha bi harusi. Nitamwonyesha Jumapili.

Tarehe 26

Siku mbaya. Nitaandika mpaka mkono uchoke.

Asubuhi tulikwenda sokoni na gari, mimi na Nyuki, kwenda na kurudi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Twendako tulikuwa tunaimba. Turudipo nikaona harufu. Nilidhani ni mayai niliyonunua. Nyuki kaanza kunusa, uso ukabadilika. Kasimamisha gari kando ya barabara, kazima, kafungua milango yote minne kwenye mvua, kanitoa kwa mkono.

"Mbali, Bibi, nenda mbali! Usiguse kitu!"

Tulikuwa tumesimama mbele ya gereji. Gereji gani? Ile ile. Bahati mbaya haikosi anwani. Mwenye gereji katoka na mwavuli, mafundi wake nyuma yake, kanusa, kacheka.

"Yai viza," kasema. "Betri inapumulia ndani. Msichana, si nilisema? Wewe kazi hii huiwezi. Safari hii ulitaka kumchoma bibi yako."

Nilifungua mdomo nimpe yake, hakikutoka kitu. Tumengoja mpaka hewa ikaisha ndani ya gari. Nyuki kaenda nyuma kwenye buti, kaona wote wanamtazama, kaliacha bila kulifungua. Tumerudi nyumbani vioo vyote vimeteremshwa, mvua yote mapajani.

Kaingia chumbani. Kabla hajafunga mlango kasema, "Ningekuua, Bibi." Funguo za gari kaziweka mezani mbele ya Babu.

Nilimgeukia Babu kwa hasira yangu yote, maana mwingine wa kumgeukia hakuwapo. "Umefurahi? Uliyosema yametimia, mwoga wewe!"

Babu alizipapasa funguo, akazisogeza kando. Kisha kasema taratibu, "Mimi nimeendesha lile gari matairi yakiwa kipara na breki zikilia. Unadhani naogopa kufa? Nilikataa kupanda kwa sababu yake. Mimi nikifia mle ndani, yeye atakuwa amemuua babu yake. Mkono wa yule dereva tu umemweka kitandani. Mzigo wangu angeubebaje?"

Miaka yote hii nalala na mtu huyu. Nilifikiri nimemsoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Tarehe 27

Asubuhi Babu hakuwapo kitandani. Nimemkuta nje kwenye manyunyu, kofia kichwani, buti limefunguliwa, kazamisha mikono yote miwili ndani. Alikuwa anaikagua kazi kwa vidole. Bolti moja moja. Waya inchi kwa inchi. Alikuwa ameshatoka mbele, kaifuata njia yote chini ya zulia, kaipapasa pete ya mpira kwenye tundu.

"Kila kitu kimekaa," kasema. "Kila kitu. Huyu mtoto ni fundi. Ila hapa kuna kitu sikielewi. Mke wangu, njoo. Tangu lini betri ikavaa mahameli?"

Dunia ikasimama.

"Ni foronya," nikasema. "Kama foronya."

"Na hiki kibomba kimekunjiwa ndani na nani?"

Nikakaa chini, hapo hapo kwenye tope, na kanga yangu nzuri. Nimeiziba betri pumzi. Nimeifunika mpaka ikapumulia ndani ya gari, kisha nikamwacha mtoto wangu atukanwe barabarani kwa kosa la sindano yangu.

Babu kacheka. Mzee yule kacheka mpaka kashikilia gari. "Mtungi una sketi," anasema, "birika lina kofia, nilijua iko siku utanivisha na mimi!"

Nilikwenda nikagonga mlango wa Nyuki kwa ngumi zote mbili. "Toka! Ni mimi! Mchomaji ni mimi!"

Katoka, kaangalia kifuniko mkononi mwangu, maua yake yote. Kakichukua, kakigeuza. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimestahili.

"Umekishona vizuri, Bibi," kasema. Kisha kaketi kizingitini, na kicheko kikaanza kumtoka, kile cha zamani, cha kuuma. "Bibi umelishonea bomu nguo ya harusi!"

"Mke mwenza ana wivu," akasema Babu.

Tarehe 28

Nimekwenda gereji na kifuniko chini ya kwapa. Nimesimama katikati, mafundi wote wameacha spana.

"Harufu ya juzi ilikuwa yangu," nikawaambia. "Kibomba nimekichomoa mimi, betri nimeifunika mimi, na hiki hapa ushahidi. Msichana hakukosea. Na siku ya ule moto, aliyesema tepu ni nani?"

Matusi niliyoyaandaa masika yote yalikuwa ulimini. Lakini nikamwona mwenye gereji anaangalia sakafu, kama mimi nilivyoangalia sakafu ya lile duka la mwisho, viatu vimejaa maji.

"Nilikuwa na haraka, Mama," kasema.

"Hata mimi nilitaka kuweka ndala," nikamwambia. Hakuelewa. Sikumweleza.

Mwezi wa tano, tarehe 6

Mvua inapungua. Nyuki kakirudisha kibomba, kaenda na gari peke yake siku nzima, kila akisimama ananusa. Hakuna kitu. Kameza chakula chote.

Tarehe 15

Mwenye gereji kaja mwenyewe, kanyanyua kofia. Anamtaka Nyuki arudi. Kasema yule dereva mkono umepona, na yeye amemweleza ukweli wa tepu.

"Nitarudi," kasema Nyuki, "lakini kama mpira haupo, gari halitoki. Hata mteja akisubiri mpaka aote ndevu."

"Hata akiota."

"Hata akiwa mwanamke," nikaongeza, nikawapa chai.

Tarehe 27

Siku ya jicho. Nyuki kafungua mlango wa mbele. Babu kaupita, mkono kwenye bodi, kafika mlango wa nyuma, kaingia. Kakaa upande ule ule ambao betri iko nyuma ya mgongo wake.

"Babu, mbele kuna nafasi zaidi," kasema Nyuki.

"Mjukuu wangu, nimeendesha watu maisha yangu yote. Acha leo nikae kama abiria. Nenda."

Kaenda. Mikono yake ilikaza usukani mpaka vifundo vikawa vyeupe. Barabara ina mashimo, masika yameila. Kila shimo Nyuki anatazama kioo. Mimi namtazama Nyuki. Tulipoingia barabara kuu tukasikia mngurumo nyuma, Nyuki kashtuka, kapunguza mwendo.

Alikuwa Babu, anakoroma. Kichwa kimelala kwenye kiti, mdomo wazi, kama mtoto aliyeshiba.

Vidole vya Nyuki vikalegea kimoja kimoja. Kaanza kuvuma wimbo kwa pua. Nami nimegeuza uso dirishani, maana nimesema machozi ya mtu mzima si ya kutazamwa.

Tarehe 30

Jua. Sufuria zimerudi kabatini.

Leo kafunguliwa bandeji. Nilivaa nguo mpya, nikapaka mafuta usoni, nikajiweka mbele yake. Jicho likafunguka, likapepesa, likaniangalia, likaniruka.

"Nipelekeni kwenye gari," kasema.

Miaka yote hii uso huu unamngoja, yeye anataka buti!

Nyuki kalifungua. Kwa ndani ya mlango wa buti kuna kitambaa kidogo nilichoshona wiki iliyopita, mahameli ile ile, herufi kubwa. Babu kasoma kwa sauti: "USIFUNIKE." Kisha kainama. Kaangalia boksi, mikanda, fyuzi, kibomba kinachotokea sakafuni, waya unaoingia kwenye pete yake ya mpira bila kuguswa na bati. Kaangalia muda mrefu vitu ambavyo vidole vyake vilishavijua. Nyuki kasimama kando, mikono nyuma kama anangoja matokeo.

Babu kajinyoosha. Kaishika ile mikono myeusi, kaigeuza viganjani, kaitazama kwa jicho lake jipya.

"Kumbe," kasema, "moyo unaweza kukaa matakoni."

Kesho Nyuki anarudi kazini. Nimemshonea mfuko wa spana. Hauna kifuniko.